Mbolea Iliyoteremka na Maji

Kwanza apeni. Gusa chini, gusa ulimi, sema: nikilitoboa hili, meno yaniote kisogoni. Sema na wewe unayejifanya unapepea moto, nimekuona midomo haichezi. Haya. Hadithi hii ina bangi ndani, tena ina watu ambao wajukuu zao mpaka leo wakikutana sokoni wanasalimiana wakiangalia nyanya. Ikitoka hapa nitajua imetoka kwa nani, kwa sababu mpo wachache na mmoja wenu namjua.

Hapo zamani, siyo ile ya sungura na fisi, hii ya karibukaribu, mbolea ya dukani ikiwa ndiyo kwanza inapanda mlimani kwa mgongo wa punda, palikuwa na kijiji kinaitwa Mkovoto. Bangi huko ililimwa katikati ya mahindi kama sisi tunavyolima mnavu. Serikali ilikataza, ndiyo. Lakini askari alikuwa mmoja, kituo chake kiko tambarare, na goti lake bovu. Akianza kupanda mlima, habari zake zinafika kijijini yeye hajamaliza hata kona ya kwanza. Watu wanang'oa kidogo, wanaficha nyingi, wanamchinjia kuku, anashiba, anashuka.

Basi Mkovoto aliishi bibi mmoja, Bibi Namcharo. Hakujaliwa mtoto, mume alishatangulia, na miguu ilikuwa inamuwaka moto kuanzia magotini mpaka vidoleni. Kilichompa usingizi ni kimoja: achemshiwe majani ya bangi, akandwe na yale maji ya uvuguvugu. Hakuvuta, jamani, tusimzulie marehemu. Alikandwa tu, akalala. Siku majani yakikosekana, kijiji kizima hakilali, maana alikuwa analia kwa sauti na anataja majina.

Lakini alikuwa na shamba. Si shamba kubwa, ila lilikaa pazuri mpaka watu wanamsalimia kwa heshima ya lile shamba. Kule mlimani maji ya kijito hukingwa kwenye bwawa la udongo, wanaliita ndiva. Linajaa usiku, alfajiri linazibuliwa, na kila shamba lina zamu yake ya kunywa. La Bibi Namcharo lilikuwa mdomoni kabisa mwa ndiva, la kwanza kunywa maji. Na zamu ya ndiva huandamana na mtu mmoja. Wazee wa ndiva hawataki kusikia habari za watu watatu kwenye zamu moja. Mkianza kugawana wanaichukua, wanampa jirani. Kwa hiyo shamba lile lilikuwa la kurithiwa na mtu mmoja tu.

Na waliolitaka walikuwa watatu.

Wa kwanza Namsifu, mke wa mpwa wa Bibi. Mwanamke mrefu, mwepesi, akitembea kanga haimgusi. Mume wake alikuwa na kahawa nyingi, lakini kahawa ya mume, nyumba ya mume, hata jembe alilolimia Namsifu lilikuwa na alama ya moto ya mume wake kwenye mpini. Alitaka kitu ambacho akikigusa hamwombi mtu ruhusa.

Wa pili Chedieli, mtoto wa marehemu kaka yake Bibi. Kijana wa maneno, mcheshi, mvivu wa kuinama lakini hodari wa kuangalia. Alishaposa mara mbili, na mara mbili baba wa binti alimuuliza, utamweka wapi mwanangu? Akawa anacheka, lakini kicheko cha mtu aliyeumia unakijua.

Wa tatu Nakiete, mtoto wa dada yake Bibi. Huyu ndiye ninayetaka mumshike vizuri. Nakiete aliolewa bonde la pili, akakaa, hakuzaa, akarudishwa. Alirudi na mkeka mmoja na sufuria moja, akakuta kwao kaka ameoa, wifi ndiye mwenye nyumba. Akapewa kulala jikoni. Wifi hakuwa anatukana, hapana, afadhali angetukana. Alikuwa kila asubuhi anapoingia kuwasha moto anasema kwa upole, wifi yangu, hebu sogeza mguu kidogo. Kila siku kidogo. Mpaka Nakiete akawa analala amejikunja kama paka. Na masika yale wifi akamwambia, kwa upole uleule, kwamba mavuno yakiisha jiko litavunjwa, wanajenga la tofali, kwa hiyo ajiangalie. Sasa mtu wa namna hiyo, shamba kwake siyo shamba. Ni mahali pa kunyoosha miguu.

Bibi Namcharo aliwaita watatu. Akawaambia udongo wake umechoka, ameulima tangu anachumbiwa. Akimwachia mtu asiyejua kulisha ardhi, shamba litakufa kabla yake yeye. Shamba lile lina ngazi tatu zinazoshuka mlima. Akawagawia: Namsifu juu, Chedieli katikati, Nakiete chini. Kila mtu apande bangi, kila mtu ailishe anavyojua. Mavuno yakitoka, atakandwa kwa majani ya kila mmoja.

"Yule ambaye nitalala kwa majani yake," akasema, "huyo ndiye aliyelisha. Shamba lake, zamu yake, na mimi ni mzigo wake mpaka nife."

Wakakubali. Namsifu juu, Chedieli katikati, Nakiete chini.

Namsifu alikwenda na mbolea ya dukani. Nyeupe, punje ngumu, kama chumvi ya mawe. Chama cha kahawa kilimletea mume wake gunia, na mume akaliweka darini akisema hilo ni la mibuni, atakayeligusa tutajuana. Namsifu akaligusa. Akawa anachota kidogokidogo kwenye upindo wa kanga, na pale alipochota anajazia mchanga mweupe wa mtoni ili gunia lisionekane limelegea. Kwa hiyo mume akawa anailisha kahawa yake mchanga, kwa mikono yake mwenyewe, tena anajisifu kilabuni. Niliposimuliwa hapo nilicheka mpaka nikaomba maji.

Lakini mbolea ile ilijua kazi. Namsifu aliinyunyiza kidogo, maji yakapita, na baada ya siku chache tu miche yake ikachomoka kama imeitwa. Kijani kizito, majani kama viganja vya mtu mzima. Watu wakawa wanapita njia ile makusudi waione.

Chedieli hakuweka kitu. Alisema bangi ni kwekwe, nani amewahi kulilisha kwekwe? Alipanda, akakaa kwenye jiwe, akawa anawachekesha wanawake wa watu. Ila kazi moja aliifanya kila asubuhi bila kuambiwa. Bangi, kwa msiojua, ina dume na ina jike. Jani zuri ni la jike, na dume likiachwa lichanue karibu, jike linajaa mbegu, nguvu yote inaishia kwenye mbegu. Chedieli alikuwa na jicho. Dume likianza tu kuonyesha vile vijipu vyake, analing'oa. Na kwa sababu vumbi la dume haliulizi mpaka, aling'oa madume ya ngazi zote tatu, ya kwake, ya juu na ya chini. Wenzake walimwona, wakamwacha, hawakusema asante.

Nakiete alikwenda na samadi. Hakuwa na mbuzi hata mmoja, kwa hiyo aliomba kwa watu akawafagilie mazizi. Akabeba kichwani kwenye kikapu, mlima kupanda, mlima kushuka, maji ya samadi yanamtiririkia shingoni. Wifi akasema, jamani, harufu gani hii jikoni kwangu, kwa upole. Nakiete akawa anaoga mtoni kabla ya kurudi. Samadi mbichi hakuimwaga, maana mbichi ina moto, inaunguza mizizi. Aliirundika na majivu na majani ya migomba, akaifunika, akawa anachomeka kijiti katikati. Akikichomoa kina joto, anasubiri. Kilipotoka kimepoa ndipo akaifukia.

Na samadi, lazima tuseme ukweli, ni ya polepole. Miche ya Nakiete ilikuwa midogo, rangi ya maji ya mchicha, urefu wa kuku aliyesimama. Tena samadi ilimletea magugu ya kila aina, kila kilicholiwa na mbuzi wa Mkovoto kiliota kwake. Watu wakapata la kusema. Wakasema Namsifu anawapa watoto wake, yaani miche, uji wa maziwa, Nakiete anawapa makande ya jana, na Chedieli wake wameambiwa waende kwa jirani wakale. Nakiete akawa anapalilia tu, mgongo juu, akihesabu moyoni ni lini mavuno, ni lini jiko linavunjwa.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo pana kazi.

Mkovoto walikuwa na desturi. Mtoto akizaliwa, vigelegele vikipigwa, mwanamke akisikia haruhusiwi kumaliza alichokuwa anafanya. Kama ulikuwa unasonga ugali, unaacha mwiko umesimama. Kama ulikuwa unafua, unaacha povu. Ukimaliza kwanza halafu ndiyo uje, unaambiwa umemtazama mtoto kwa kijicho, na mtoto akipata hata mafua ya kawaida ni wewe.

Siku moja asubuhi, ilikuwa zamu ya Namsifu kwenye maji ya Bibi. Aliona mvua za mwisho zinakaribia akataka amalize mchezo. Akachukua mbolea yote iliyobaki, ile ya kumalizia msimu, akaimwaga juujuu kwenye ngazi yake bila kuifukia, akazibua maji ili yaiyeyushe. Desturi ya kumwagia ni kusimama hapo na jembe, unaongoza maji, yakitosha unaziba. Namsifu alikuwa amesimama hapo na jembe. Mara vigelegele. Mke wa fundi cherehani amejifungua mapacha.

Namsifu akaacha jembe, akaacha maji, akakimbia. Angefanya nini?

Nakiete alivisikia pia. Hakwenda. Mwanamke aliyerudishwa kwa kutozaa haitwi na vigelegele; akienda, wenye mtoto wanafunika mtoto. Hakuna aliyemkataza kwa maneno, lakini alishajua. Akabaki ameinama kwenye magugu yake, ngazi ya chini, mashambani pamenyamaza, hakuna mwanamke mwingine hata mmoja.

Huko juu maji yamekuwa mengi. Yamekula tuta la Namsifu, yanashuka na mbolea yote, nyeupe nyeupe ndani ya maji. Chedieli aliyaona yanakuja kwake. Alijua ni nini, kila siku alikuwa anamwangalia Namsifu akinyunyiza. Alijua vilevile kwamba mbolea ile ikizidi inaunguza, alishaona mgomba wa mtu umekauka. Angeweza kupanda juu akazibe. Ni mbali kidogo, na mteremko ni mkali, na tumesema alikuwa mvivu wa kuinama. Akashika jembe la Namsifu? Hapana, lake. Akachimba mfereji pembeni mwa ngazi yake, upesi upesi, maji yakamzunguka, yakapita, yakaenda chini.

Chini alikuwa Nakiete.

Alisikia maji yanakuja siyo zamu yake. Akanyanyuka. Akaona yanaingia kwenye matuta, meupe, yana punje zinazozunguka. Akatumbukiza mkono. Mikono yake ilikuwa na mipasuko ya jembe, na maji yakamchoma kwenye mipasuko kama chumvi. Akaelewa. Akatazama juu, akamuona Chedieli ameegemea jembe lake.

"Dada, maji ya bure hayo," Chedieli akasema. "Ukiyakataa, korongo liko hapo nyuma yako."

Nakiete alisimama na jembe mkononi. Akikata tuta la nyuma, maji yote yanaenda korongoni, mbolea ya Namsifu inakwenda kulisha mawe. Akiyaacha, labda miche yake yote itaungua, na ndiyo imeisha, jikoni atoke aende wapi? Alisimama hivyo mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu.

Akayaacha. Lakini hakuyaacha hivihivi. Alikwenda tuta kwa tuta, akifungua kidogo, akifunga, kila mche unapata kidogo, halafu akachukua samadi iliyokuwa imebaki kwenye rundo, yote, akafunika kila mahali maji yalipokaa. Alifanya kazi ile kama mtu anayefukia kitu. Na alikuwa anafukia kitu.

Namsifu aliporudi jua limepanda, bado ana unga waliopakana kwenye sherehe usoni, akakuta tuta limekatika, ndiva imekauka, mbolea hakuna. Alikaa chini akashika kichwa. Aliamini yote imekwenda korongoni. Nakiete akapanda mpaka juu, akamsaidia kuinua tuta, udongo kwa udongo. Akamwambia pole. Zaidi ya pole hakusema.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Miche ya Namsifu, iliyozoea uji wa maziwa, ikakosa uji. Udongo wake ulikuwa uleule uliochoka, haukuwa na akiba. Ikaanza njano kutoka majani ya chini, njano inapanda, mche mrefu lakini umelegea. Ya Chedieli ikabaki mifupi, migumu, michache, kama ndevu za kijana. Na ya Nakiete, jamani. Haikuungua. Ile samadi iliipokea mbolea ikaishika, ikawa inaigawa polepole kama mama mwenye watoto wengi. Miche ikanyanyuka, ikajaza ngazi, ikazidi mahindi yaliyopandwa kuificha. Majani mazito, harufu inakufikia ukiwa bado njiani. Watu walewale wa makande wakasema, si tulisema? Mkovoto bwana.

Ikavunwa, ikaanikwa kivulini, ikapelekwa kwa Bibi.

Akakandwa kwa majani ya Namsifu. Yalikuwa mengi lakini mepesi, maji yake yana harufu ya nyasi mbichi. Bibi akasinzia, akashtuka, akaanza kutaja majina ya watu. Akakandwa kwa majani ya Chedieli. Hayo yalikuwa makali, mazuri, miguu ikapoa hapohapo, lakini yalikuwa kiganja tu, yalitosha mguu mmoja. Mguu wa kulia ukalala, wa kushoto ukakesha. Akakandwa kwa majani ya Nakiete. Bibi alilala mpaka watu wakaingia kumwangalia kama anapumua.

Alipoamka akaagiza wote watatu waje, na majirani wakaja bila kuagizwa. Bibi akamuita Nakiete mbele, akamshika mkono, akamuuliza uliwalisha nini watoto wale? Nakiete akasema, samadi, Bibi.

Sasa Namsifu alikuwa ameshika tawi moja la Nakiete, analigeuzageuza. Na yeye asubuhi hiyohiyo mume wake alikuwa amefika mwisho wa gunia akakuta mchanga mtupu, na kahawa yake imekuwa ya manjano kama mgonjwa wa nyongo. Alimwambia mke wake maneno machache: rudi na shamba, au usirudi. Kwa hiyo Namsifu hakuwa na cha kupoteza.

"Samadi tu, dada?" akauliza. "Kijani hiki nakijua. Nilikuwa nacho mimi."

Na hapo Chedieli, ambaye kukaa na siri kunamuwasha kuliko upupu, akacheka. Akasimulia yote: maji, mbolea, mfereji. Alisimulia kwa sababu aliona mkono wa Bibi umeshika mtu mwingine.

Watu wakaguna. Nakiete akaulizwa, ni kweli? Akasema ni kweli.

Ndipo kila mmoja akasimama akadai chake. Namsifu kwanza.

"Bibi, kilicholisha majani yale ni changu. Nimekitoa kwenye kahawa ya mume wangu na leo sina pa kulala kwa ajili hiyo. Toa mbolea yangu kwenye ngazi ya Nakiete uone kitabaki nini. Vitabaki vile vimche vya rangi ya mchicha mlivyokuwa mnavicheka wote hapa. Usingizi uliolala ni wa kwangu, umepitia kwake tu."

Kisha Chedieli.

"Mnagombania chakula, hamuulizi nani alikipeleka mezani. Mfereji ni wangu. Pasingekuwa na mfereji, mbolea ingemwagika kwangu ikaunguza, inayobaki ikaenda korongoni. Na madume nani aliyang'oa? Namsifu hakung'oa, alikuwa anachota darini. Dada hakung'oa, alikuwa kwenye mavi ya mbuzi. Kama si mimi mngeleta mbegu hapa, mkamkande Bibi kwa mbegu."

Watu wakacheka, lakini wakatikisa kichwa kwamba kijana ana hoja.

Kisha Nakiete. Aliongea polepole, watu wakasogea.

"Mbolea ilikuwa kwake kwanza. Ikakaa wapi? Ilipita. Udongo wake haukuwa na mkono wa kuishika. Ilipofika kwangu ilikaa, kwa sababu udongo wangu niliubebea samadi kichwani mpaka nywele zikakatika hapa katikati, angalieni. Ile mbolea peke yake ingeunguza, Chedieli mwenyewe aliikimbia. Kumwaga chakula siyo kulisha, Bibi. Wewe ulisema shamba ni la aliyelisha."

Mtu akitoka kulala usingizi mzuri kichwa kinakuwa safi, na cha Bibi Namcharo siku hiyo kilikuwa safi kupita kiasi. Akaanza kuwauliza kila mtu swali lake.

Akamuuliza Namsifu, gunia ulipewa au ulichota? Namsifu akasema alichota. Na mumeo ulimwachia nini? Mchanga, Bibi.

Akamuuliza Chedieli, ulipochimba mfereji ulijua kinachoteremka? Akasema alijua kwamba kitaunguza. Ukakielekeza kwa nani? Chedieli akatafuta mzaha, safari hii hakuupata. Akasema, kwa dada.

Akamgeukia Nakiete. Mkono wake bado ameushika.

"Maji yale uliyajua?"

"Niliyajua, Bibi."

"Mwenzako alipokuwa ameshika kichwa, ukamwambia nini?"

"Nilimwambia pole."

Bibi akauachia mkono. Akasema waende, alfajiri waje ndiva. Maji yakiwa yamejaa, atashika mkono mmoja kati ya mikono sita, auweke juu ya kizibo. Mkono utakaozibua, ndio wa shamba.

Walioona wanasema alfajiri ile kijiji kizima kilikuwa kwenye ukingo wa ndiva, hata mama wa mapacha alikuja na mapacha. Maji yamejaa mpaka yanalamba nyasi. Wazee wa ndiva wamekaa upande wao. Namsifu alikuja na nguo alizolala nazo, maana mume alishafunga mlango. Chedieli alikuja ameoga, amechana nywele, na nyuma kabisa amesimama baba mmoja mwenye binti, amekuja kuangalia. Nakiete alikuja na mkeka na sufuria yake, kwa sababu wifi alikuwa ameshamtolea nje, akamwambia, wifi yangu, uende navyo tu, ukipata utakuwa huna haja ya kurudi kuvifuata.

Watatu wakasimama mbele ya kizibo. Mbolea ya mmoja, mfereji wa mmoja, samadi ya mmoja. Mwenye kumwibia mume wake, mwenye kumtupia dada yake moto, mwenye kunyamaza. Bibi akabebwa kwenye kiti mpaka pale, akatazama mikono, akanyoosha wa kwake.

Hapo ndipo Mama Kangero, muuza magimbi wa gulioni, yeye ndiye aliyenisimulia, alipoikata hadithi akaendelea kumenya magimbi yake kama vile hana habari na mtu. Nikamwambia, mwenzangu, alishika wa nani? Akaniambia, ungekuwa wewe ungeshika wa nani? Nikajibu upesi. Akasema eti? Nikabadilisha. Nimeshabadilisha mara nyingi tangu siku hiyo, ndiyo maana nimewaleteeni ninyi. Maji yamejaa, jua linatoka, mkono wa bibi uko hewani: je, nani alistahili?